Nyavu, maboya ya chupa na boti yako ya wikendi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Sisi watu wa boti wa Nairobi ni kabila la ajabu kidogo. Jumatatu hadi Ijumaa boti zetu zinalala juu ya trela, chini ya turubai, kwenye viwanja vya nyumba Karen, Kitengela au Ruiru, paka wakizalia ndani yake. Jumamosi alfajiri tunaziburura kuteremka Bonde la Ufa hadi Naivasha, na mara moja moja tunafunga safari ya Kisumu au Kilifi. Tunafika majini tukiwa wageni, na tunawakuta wenyeji wako kazini. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi kuhusu jambo linalotuharibia safari kuliko upepo na kuliko mvua: kamba, nyavu na maboya ya wavuvi tusiyoyaona mpaka tumeshapita juu yake.

Kamba ni kamba. Itaifanya nini boti yenye injini ya nguvu za farasi 40?

Itaisimamisha. Propela ikigusa kamba iliyolegea haiikati, inaivuta na kujizungushia kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Sekunde mbili hivi, injini inazima.

Watu wengi hudhani shida imeishia hapo, wakati ndiyo kwanza inaanza. Boti sasa imefungwa, na imefungwa kwa nyuma. Pua ya boti imechongwa ili ipasue wimbi. Nyuma ni ukuta mfupi uliokatwa makusudi ili injini ipate pa kukaa, na huko huko ndiko kuna uzito wa injini, tangi la mafuta, betri, na abiria wanne waliokimbilia kuchungulia kilichotokea. Kamba inavuta nyuma chini, upepo unageuza boti ilipe wimbi mgongo, na maji yanaingia juu ya ukuta ule. Wimbi la kwanza linalowesha miguu, la pili linaelesha tangi, na la tatu sitaki kulieleza.

Kuna na hatari ya mtu aliyesimama wakati boti imesimama ghafla. Anaendelea na safari peke yake.

Nairobi haina ziwa. Hili linanihusu wapi hasa?

Bwawa la Nairobi, pale kando ya Kibera, liliwahi kuwa na mashua za tanga siku za Jumapili. Magugumaji na maji taka yalimaliza habari hiyo, kwa hiyo sote ni wasafiri.

Naivasha, kilomita kama 90 kutoka mjini, ndiko wengi wetu tunakoanzia. Ni ziwa la wavuvi wa nyavu za kutega, na samaki wakuu siku hizi ni kapu, yule samaki anayeitwa carp kwa Kiingereza, pamoja na tilapia. Tangu maji yalipopanda mwaka 2019 na 2020, ziwa limemeza migunga, nguzo za ua na seng'enge za mashamba. Visiki vile vikavu unavyoviona vimesimama majini ni hatari mara mbili: kisiki chenyewe, na wavu uliofungwa humo, kwa sababu mvuvi akipata nguzo ya bure hahitaji boya.

Ziwa Victoria ni habari kubwa zaidi. Upande wa Kenya ni takriban asilimia 6 tu ya ziwa lote, lakini kwenye Ghuba ya Winam, kutoka Dunga hadi Mbita, utakuta nyavu za mbuta, kamba ndefu za ndoano, taa za omena na vizimba vya kufugia tilapia, vyote kwenye njia ya mtu aliyetoka kula samaki na kupunga upepo. Magugumaji yakisukumwa na upepo huburura nyavu pamoja na maboya yake, kwa hiyo wavu uliouacha kushoto asubuhi unaweza kuwa mbele yako jioni.

Masinga na Baringo nako kuna nyavu. Pwani nitaieleza peke yake.

Kwa nini wavuvi wasiweke maboya makubwa yenye rangi kali, mambo yaishe?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa hasira, na ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa. Nilikuwa nikidhani ni uzembe. Kisha siku moja nikamuuliza mzee mmoja pale ufuoni Naivasha, akiwa anashona wavu kwa mkono mmoja na kushika chai kwa mwingine: "Mzee, mbona usifunge hata kitambaa chekundu tuwe tunaona?"

Akanitazama kama mtoto. "Kijana wangu, ukikiona wewe, mwizi naye hana macho?"

Wizi wa nyavu ni kilio cha zamani, Naivasha na Victoria. Mvuvi anatega jioni, anarudi nyumbani kulala, na akirudi alfajiri anakuta ama samaki wameondolewa ama wavu mzima umekwenda. Wavu ndio duka lake, na mara nyingi ameununua kwa mkopo. Basi analificha boya: anachagua chupa yenye rangi ya maji, anaitia maji kidogo ili ikae chini, au anaacha boya moja tu na kukumbuka mahali kwa kulinganisha mti wa ng'ambo na paa la hoteli.

Sababu ya pili ni pesa. Boya la kiwandani lina bei, chupa ya soda ni ya kuokota.

Ya tatu ndiyo mbaya zaidi kwetu. Wapo wanaovua wasikoruhusiwa, hasa kwenye mazalio ya samaki kando ya mafunjo, au wanaotumia nyavu za monofilamenti ambazo sheria imezipiga marufuku. Hao wanazifichia doria. Wavu wao hauna alama kabisa, na uzi wake ni mwembamba, unang'aa kama kioo ukiwa mkavu na kupotea kabisa ukiingia majini.

Kwa hiyo boya usiloliona huenda limefichwa kwa akili na mtu anayelijua ziwa kuliko wewe. Ukilipokea hilo utaacha kungoja alama, utaanza kusoma maji.

Boya la mvuvi linafanana vipi?

Sahau lile duara la rangi ya chungwa la kwenye picha. Naivasha na Victoria nimeona dumu za lita 5 za mafuta ya kupikia, chupa za soda za nusu lita, vipande vya povu jeupe la kufungia televisheni, na patipati kuukuu zilizokatwa vipande vya ukubwa wa kisanduku cha kiberiti na kutungwa kwenye kamba kama shanga. Pwani huongezeka vipande vya mbao nyepesi na vibuyu vya plastiki.

La kwanza kuninasa lilikuwa chupa. Saa tatu asubuhi, maji yametulia, jua liko mbele yangu. Nililiona mita kumi mbele: shingo ya chupa tu, kifuniko cha buluu kilichopauka, mwani wa kijani umeifunika hadi mabegani. Niliichukulia kuwa taka. Nairobi tumezoea chupa kuwa taka. Nilipoipita kwa kando niliona kamba nyembamba imekaza kutoka kwenye shingo, nikajua, na injini ikajua wakati huo huo.

Tangu siku hiyo kanuni yangu ni moja: kitu kinachoelea kisichosogea na upepo kimefungwa. Taka huenda na upepo pamoja na povu na majani yaliyo jirani yake. Chupa iliyotulia huku majani yakiipita si taka. Ndege aliyesimama juu ya "maji" naye amesimama juu ya kitu.

Nikiliona, nipite upande gani?

Inategemea lililo chini yake.

Boya moja peke yake kwenye mkondo, hasa baharini, mara nyingi ni la dema, ule mtego wa kusuka. Kamba inatoka kwenye boya ikiteremka kuelekea mkondo unakotoka. Pita upande ule maji yanakoelekea, yaani nyuma ya boya, na uache nafasi. Angalia kama kuna kiboya kidogo kinachoburuzika nyuma ya kile kikubwa, kwa sababu kati ya viwili hivyo kamba inalala juu ya maji. Usipite katikati yao hata kama panaonekana peupe.

Maboya mawili makubwa yaliyo mbali, na vidoa vidogo vimejipanga katikati, ni wavu wa kutega. Zunguka ncha mojawapo. Watu hupenda kuuliza "si naweza kupita katikati palipozama?" Wakati mwingine unaweza, ukiinua injini na kupiga makasia taratibu. Ukiwa na injini inayozunguka, hapana.

Ukiona boya moja la wavu na hulioni la pili, simama. Usikisie. Mtu asimame kwenye pua, maana macho yaliyo mita mbili juu ya maji huona mengi kuliko yaliyoketi kwenye usukani, aangaze polepole pande zote. La pili lipo.

Saa gani ni mbaya zaidi?

Alfajiri na magharibi, kwa sababu ndizo saa za kutega na kutegua, na jua liko chini. Ukielekea mashariki saa moja asubuhi maji ni bati linalong'aa. Miwani ya polaroidi inasaidia kweli, hii si mapambo. Saa nne hadi saa sita ndiyo nafasi nzuri Naivasha. Mchana upepo huamka, na kiwimbi cha kimo cha shubiri kinatosha kabisa kuficha shingo ya chupa.

Mwendo: karibu na ufuo wa wavuvi, kwenye visiki na kando ya mafunjo, sizidishi noti 5, kama kilomita 9 kwa saa. Wanaonipita kwa kasi hunipungia mkono. Baadaye nami huwapungia nikiwapita, wakiwa wameinamia injini.

Niliona taa nyingi usiku Ziwa Victoria, kama mji juu ya maji. Ni nini?

Ni wavuvi wa omena. Taa zinawekwa juu ya vyelezo vidogo ili kuwavuta samaki, kisha wavu unazungushwa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, sasa nyingi ni za betri na sola. Taa si boti na boti haiko lazima karibu na taa: mtumbwi wenyewe unaweza kuwa gizani, na kamba iko kati ya taa na taa. Zunguka kundi zima, kwa mbali. Ushauri wangu wa kweli ni kwamba mtu wa burudani asiwe huko usiku.

Pwani je?

Kule shida ni maji kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, tofauti ya kimo cha maji Mombasa hukaribia mita 4. Fikiria kamba ya dema. Ikikatwa ifae maji yaliyojaa, maji yakipwa mita kadhaa za kamba zinabaki hazina kazi, na zinaelea juu kama nyoka aliyejinyoosha. Ikikatwa fupi, maji yakijaa na mkondo ukishika nguvu, boya linazamishwa kabisa na kubaki shubiri mbili chini, mahali pazuri sana pa kukutana na propela. Kwenye hori kama za Mtwapa na Kilifi mkondo una nguvu, hivyo mambo yote mawili hutokea siku moja. Wakati mzuri ni maji yakiwa yamesimama, kabla hayajageuka, kwa sababu maboya huibuka.

Aina ya kamba pia ina maneno. Ile inayoitwa kamba ya manila kwenye maduka ya hadwea, ya kijani au buluu, kwa kweli ni polipropilini, nayo ni nyepesi kuliko maji, inaelea. Nailoni inazama. Kama huamini, tia vipande viwili kwenye ndoo nyumbani. Wavuvi hununua ya kijani kwa sababu ni rahisi na haiozi. Siwalaumu, lakini ndiyo inayotunasa.

Msimu wa upepo wa Kusi, kuanzia Aprili hivi, bahari huchafuka, zana hukatika na kuelea zikiwa hazina mwenyewe. Kaskazi ni tulivu zaidi na ndiyo watu wa Nairobi huteremka Desemba, wengi kwa wakati mmoja, wengi bila kumuuliza mtu.

Nimenasa. Nifanye nini kwanza?

Zima injini. Kuzima kabisa, usibaki kwenye gia huru, na chomoa ile kamba ya kuzimia injini. Mikono itakayokuwa karibu na propela ni yako.

Watu wavae majaketi ya kuokolea kama walikuwa wameyakalia. Wote wasogee mbele isipokuwa mmoja. Hili la uzito linaonekana dogo, lakini ndilo linaloamua kama maji yataingia nyuma.

Kisha teremsha nanga ya mbele. Wengi husahau: wanashughulika na kamba nyuma huku wimbi linapiga. Nanga ikishika mbele na wewe ukipunguza mkazo wa nyuma, boti hugeuza pua kwenye wimbi na unapata muda wa kufikiri. Kama maji ni ya kina kirefu kuliko kamba ya nanga yako, tumia kasia kuishikilia pua ielekee wimbi.

Inua injini. Tazama kamba imezunguka kwa upande gani, na uizungushe propela kwa mkono kinyume chake, mwingine akivuta ncha taratibu. Mara nyingi, kamba ikiwa nene, inatoka yote bila kisu. Wavu ni kazi zaidi: matundu yanajifunga kwenye mapanga kama nywele kwenye kitana. Usivute kwa hasira. Ndoano za kamba ndefu usizishike kwa mikono mitupu hata kidogo, tumia koleo.

Kama maji yameanza kuingia nyuma na kamba imekaza, kata. Kata sasa, maswali ya haki na fidia yatafuata ukiwa hai.

Ukikwama kabisa, Pwani ita kwa redio ya VHF chaneli 16, ambayo kituo cha uokoaji cha Mombasa husikiliza. Maziwani wengi hatuna redio, kwa hiyo 999 au 112, na zaidi ya hizo, namba ya mtu wa ufuo ule uliotokea. Mimi huichukua kabla ya kushusha boti. Mtumbwi wa jirani utakufikia kabla ya serikali yoyote.

Niruke majini nikaitoe kwa chini?

Naivasha, hapana. Hakuna mamba, lakini kuna viboko, na kiboko hakuulizi umefuata nini. Victoria na Baringo kuna mamba na viboko wote wawili, na Victoria ina kichocho juu yake. Pwani, mahali palipotulia, mtu anayejua kuogelea, injini imezimwa, mwenzake yuko boti akimwangalia, na kisu kimefungwa mkononi kwa uzi: labda. Ndani ya wavu uliolegea usiingie kamwe. Kitufe cha kaptula kinatosha kukushika.

Nikikata wavu wa mtu, nadaiwa?

Fikiria kwanza kama ni lazima ukate. Ukikata, funga tena ncha mbili pamoja ukiwa umeshatoka, fundo lolote litafaa, ili mwenyewe asipoteze nusu ya wavu. Kisha nenda ufuoni useme. Kila ufuo wa wavuvi una kamati yake, ile kila mtu anaiita BMU, na mwenyekiti anajua wavu wa nani uko wapi, pamoja na ule uliofichwa.

Mimi nililipa. Mwenye chupa ile alikuwa kijana wa umri wa mdogo wangu, akaja akiwa amekunja uso. Nilimwambia, "Pole ndugu yangu, sikuiona." Akaupekua wavu, tundu kwa tundu, kwa dakika ishirini hivi, akiuinua juani na kuhesabu kwa midomo bila sauti. Alitaja bei ya kushona, si bei ya wavu mpya. Siku hiyo nikapata kitu ambacho hakiuzwi dukani: alinichorea mchangani, kwa kijiti, mahali wao hutega na mahali wasipotega. Mchoro huo bado ninautumia.

Wako wanaotaja bei ya kukomoa. Ndiyo maana unakwenda kwenye kamati badala ya kubishana majini. Na wako wenzetu wanaokata na kukimbia, halafu mwezi unaofuata wanashangaa kwa nini hakuna aliyekuja kuwavuta.

Boti imenasuka na injini inawaka vizuri. Nimemaliza?

Bado. Uzi wa kuvulia unapenda kujificha nyuma ya propela, kwenye mhimili, na kila mzunguko unausukuma ndani mpaka unakata sili ya oili. Hutaona kitu siku hiyo. Maji yataingia kwenye gia polepole, na baada ya miezi michache fundi atakuambia bei ya giaboksi.

Ukifika nyumbani, chomoa pini, fungua nati, vuta propela, utazame mhimili. Uzi ukiwepo utaukuta umejibana kama pete, wakati mwingine umeyeyuka kwa joto na kuwa mgumu kama plastiki. Utoe wote. Kisha legeza skrubu ya chini ya giaboksi uone oili: ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia.

Sheria iko upande wa nani?

Baharini, Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano za 1972 zinamtaka mtu wa injini na hata mtu wa tanga kumpisha chombo kinachovua kwa nyavu au zana nyingine zinazokizuia kugeuka. Chombo kama hicho mchana kinapaswa kuonyesha koni mbili zilizogusana kwa ncha. Usiku ni taa nyekundu juu ya nyeupe, na anayekokota nyavu, kijani juu ya nyeupe. Zana zikitandazwa zaidi ya mita 150 kutoka chomboni, kuna alama ya kuonyesha upande zilipo. Hayo utayaona kwenye meli za uvuvi. Mtumbwi wa Mbita hauna koni, una mtu anayepunga shati. Shati likipungwa, simama.

Nchini, sheria kuu ni ile ya usimamizi wa uvuvi ya mwaka 2016. Boti zenyewe hukaguliwa na Halmashauri ya Bahari, KMA, na tangu 2018 kuna Walinzi wa Pwani, ambao kazi yao inafika hadi maziwani. Mwaka huo huo wa 2018 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilipitisha mwongozo wa kutia alama zana za uvuvi, ili zana ijulikane ni ya nani na iko wapi. Ni mwongozo wa hiari.

Kuna mahali jambo hili limefanywa kwa ukali. Jimbo la Maine, Marekani, kila mvuvi wa kambakoche ana rangi zake za boya zilizosajiliwa, na boti yake lazima ionyeshe rangi hizo hizo. Mvuvi mmoja huruhusiwa mitego hadi 800, kwa hiyo bahari yao inafanana na sherehe ya watoto, na bado watu wa mashua hunasa. Rangi peke yake haimalizi neno. Pia pale kugusa mitego ya mwingine ni kosa la kisheria, na nadhani ukimwondolea mzee wangu wa Naivasha hofu ya mwizi, atafunga kitambaa chekundu mwenyewe.

Nibebe vifaa gani, na Nairobi nitavipata wapi?

Kisu chenye meno. Kile cha mkate kutoka Gikomba kinashinda visu vingi vya bei ghali, kwa sababu kamba iliyolowa hukatwa kwa kukereza. Kifunge kwenye mpini wa ufagio kwa blada, ile mipira ya kufungia mizigo ya boda boda, nawe una kifaa cha kufikia propela bila kuinama nje. Kisu cha pili kiwe mfukoni mwa nahodha.

Ongeza koleo, spana ya nati ya propela, pini mbili za akiba, makasia mawili ya kweli, na nanga yenye kamba ndefu kuliko unavyodhani unahitaji. Pini na spana, zunguka Kirinyaga Road ukiwa na ile ya zamani mkononi. Kuna wanaofunga kizimba cha chuma kuzunguka propela, na mafundi wa Kamukunji watakuchomelea jioni moja. Kinazuia kamba nene na kumlinda muogeleaji. Wavu hukipenda sana, unapata pa kushika zaidi. Mimi nilikitoa.

Nina kayaki tu. Nina haja ya kusoma yote haya?

Kidogo. Huna propela, lakini kasia na usukani hunasa, na mtu akivuta kwa nguvu upande mmoja hupinduka. Ukipinduka juu ya wavu, usipige miguu. Shikilia kayaki, nyoosha mwili juu ya maji, jivute kwa mikono. Wenye mashua ya tanga: legeza tanga kwanza, boti iache kusukuma, ndipo mshughulikie mkuku, ule uti wa chini ya boti.

Nimekuta wavu mkuukuu unaelea, hauna mwenyewe. Niuondoe?

Una uhakika hauna mwenyewe? Rudia jibu la wizi hapo juu. Ukiutoa wavu wa mtu ukaonekana nao boti, maelezo yako yatakuwa marefu. Piga picha, kumbuka mahali, mpigie mwenyekiti wa ufuo. Ni kweli wavu ulioachwa huendelea kuua samaki, na baharini kasa, kwa muda mrefu, kwa hiyo usipuuze. Ila acha wenyeji waseme ni wa nani.

Nataka kuweka boya langu la kufungia boti. Nilitie alama vipi?

Kwa namna ambayo ungetamani wavuvi wafanye, maana mtumbwi nao una propela. Boya liwe la njano au chungwa. Nyekundu na kijani ziache: Kenya, chombo kikiingia bandarini, nyekundu hukaa kushoto na kijani kulia, na hutaki mgeni asome boya lako kama mlango. Tumia mnyororo, au nailoni yenye kizito cha risasi karibu na juu ili ikilegea izame haraka. Zungushia ule utepe wa kuakisi mwanga unaobandikwa nyuma ya malori. Omba ruhusa kwa mwenye ufuo na uwaonyeshe BMU mahali penyewe, kwa kidole, ukiwa boti moja nao. Namba ya simu iandike kwa rangi ya mafuta. Ya kwangu niliandika kwa kalamu ya maka, ikafutika kabla ya mvua za Aprili, na aliyeliokota boya lilipokatika alilifanya kiti.